Gari la Kipimo cha Timazi

Mama Pindo alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao hauna dawa: hakuweza kumwona mtu akipita bila kumpima kwa macho. Ukisimama mbele yake kwenye foleni ya benki, kabla hujafika dirishani ameshajua kwamba bega lako la kulia limeshuka nusu inchi, kwamba suruali yako ilishonwa na mvivu, na kwamba pindo la nyuma la mguu mmoja limeanza kufumuka. Na hanyamazi. Amewahi kumgusa askari wa barabarani begani, katikati ya makutano, magari yakipiga honi pande zote, akamwambia, "Mwanangu, pindo lako." Jina likatokea hapo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa lingine.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya chini, mlango wake ukitazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kugombana nayo, meza ndefu ya kukatia, pasi, na daftari nene ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Kwa miaka arobaini na moja ya kazi Mama Pindo hakuwahi kuandika kipimo kimoja cha bega. Aliandika viwili, la kulia na la kushoto. "Mungu hakumuumba mtu kwa rula," alipenda kusema. "Anayekwambia pande zake zinalingana hajajitazama vizuri."

Ng'ambo ya ua, mlango unaotazamana na wake, aliishi mdogo wake aliyemfuata ziwa. Yeye watu walimwita Timazi. Alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na mitatu, na lifti, jamani, haina utani: reli zake zikipinda upana wa ukucha, watu wa ghorofa ya saba watapanda ngazi mwezi mzima. Kazi ile ilimwingia mwilini. Alikuwa akifika nyumbani kwa mtu, ananyoosha picha ukutani kwanza, ndipo anasalimia. Sasa fikiria ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaamini dunia imepinda na hivyo ndivyo inavyopendeza, mwingine anatembea na timazi mfukoni, ule uzi wenye risasi nchani, kuipima. Walikuwa wamebishana miaka hamsini na minane, yaani tangu Timazi alipojua kusema, na wote wawili walikuwa na afya njema kwa sababu hiyo.

Kisha mkono wa kulia wa Timazi ukaanza kutetemeka. Ulianza na kijiko, ukaja kwenye bisibisi. Aliuficha karibu mwaka mzima, na mficha maradhi kilio humfichua: siku moja spana ilimponyoka ikaanguka ndani ya shimo la lifti, ghorofa tano chini. Haikumpata mtu, lakini jioni ile ile alirudisha funguo za kazini bila kuombwa. Daktari akasema tetemeko hilo haliui, ila haliondoki. Timazi akaenda kukaa kitandani kwake na pajama, akakaa miezi minne. Asubuhi moja Mama Pindo alimpelekea chai akaona picha ya mama yao imelala upande ukutani, na mdogo wake ameketi anaitazama bila kuinyoosha. Siku hiyo aliogopa kuliko siku ya maneno ya daktari.

Kilichomtoa kitandani ni vigari. Nyuma ya ghala moja la samani palikuwa na uwanja wa lami, na kila Jumamosi asubuhi watu wazima wenye akili zao na familia zao walikusanyika hapo kushindanisha magari ya rimoti. Gari lenyewe lina urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, lakini usilidharau. Lina springi za kweli, shokapu zenye mafuta ndani, na mbio za kumshinda mbwa. Dereva husimama na wenzake juu ya jukwaa la mbao, rimoti mkononi, umbo lake kama bastola, ubavuni ina usukani mdogo wa kuzungusha kwa vidole. Timazi alikwenda kununua mkate, akasikia mlio, akachungulia. Mkate ulifika nyumbani saa saba mchana. Mama Pindo alianza kumfokea, halafu akaona uso wake, maneno yakamwishia.

Mwaka mmoja baadaye Timazi alikuwa na gari lake, lenye rangi ya chungwa, na ikafika ile Jumamosi ya aibu.

Mama Pindo alikuwapo kwa bahati tu. Timazi alikuwa amesahau miwani, naye akamfuatia nayo. Alifika uwanjani wakati gari la chungwa linakata kona ya mbele ya jukwaa, likajipinda ghafla kama limeumwa na siafu, likagonga mabomba ya plastiki yaliyokuwa uzio, likaruka, na likatua kwenye muundi wa mwenyekiti wa klabu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyekosea ni Timazi, guu ni la mwenyekiti.

Mwenyekiti huyo alikuwa mwalimu wa udereva, mama mwenye subira ya miaka ishirini ya kukaa kando ya watu wanaokanyaga mafuta huku wakitafuta breki. Alikaa chini, akajisugua muundi, akashusha pumzi.

"Ndugu yangu," alimwambia Timazi, "mimi nimegongwa na wanafunzi, nimegongwa na lango la kwangu mwenyewe. Lakini hii ni mara ya nne mwezi huu, na leo kuna watu wameniletea malalamiko. Jumamosi ijayo tuna raundi mbili, ya asubuhi na ya saa sita. Ukigusa uzio mara tatu kwa jumla, unashuka jukwaani. Tutakupa bendera uwe unasimama konani."

"Sawa," alisema Timazi.

Mama Pindo alilijua lile "sawa". Ndilo alilolitoa siku aliporudisha funguo. Njia nzima ya kurudi alimtazama mdogo wake akitembea, mkono umezama mfukoni, akaona kitanda, pajama, na picha iliyolala upande. Akasema moyoni: wallahi kitandani harudi huyu, si mimi nikiwa hai.

Alipofika tu akasafisha meza ya kukatia, akapiga kiganja juu yake. "Liweke hapa hilo gari."

"Dada, hii si kazi ya cherehani."

"Nimekuuliza?"

Timazi akaliweka. Kisha, kwa kujitetea, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya vipimo vya Daktari wa Meno, bingwa wa klabu kwa miaka mitatu, mtu mkarimu ambaye hakumnyima yeyote siri zake. Humo mliandikwa kila kitu: ugumu wa springi, uzito wa mafuta ya shokapu, magurudumu yameelekea wapi na yamelala kiasi gani. Timazi alikuwa ameinakili yote hadi unywele wa mwisho.

"Gari langu na la Daktari ni mapacha," alisema. "Nimepima mara tatu. Hakuna tofauti."

"Basi mbona la Daktari halimrukii mwenyekiti?"

Mama Pindo akavaa miwani yake, akalivua gari lile ganda lake la juu la plastiki, ambalo yeye tangu siku ya kwanza aliliita koti, akaligeuzageuza dirishani kama nguo iliyoletwa kuziba. Nguo iliyochakaa husema yenyewe inapobana. Koti lile lilikuwa limekwaruzwa, limepasuka, limezibwa kwa gundi, lakini kote huko ni shavu la kushoto. Shavu la kulia lilikuwa linang'aa.

"Unagonga ukikata kushoto tu," alisema.

"Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya haichagui upande. Shika rimoti. Nionyeshe unavyokata."

Timazi alishika. Alipozungusha usukani kulia, vidole vilikwenda vizuri vikarudi vizuri. Alipozungusha kushoto, mkono uliruka ukapitiliza, ukatetemeka huko huko, ndipo ukarudi. Mama Pindo aliutazama jinsi anavyomtazama mteja akinyanyua mkono kuonyesha kwapa linapokaba. Timazi aliona anatazamwa, akaushusha mkono chini ya meza.

"Usinifiche mimi. Mkono huo nimeukata kucha kabla hujaota meno," alisema Mama Pindo. "Sikiliza. Daktari wa Meno mkono wake kazi yake ni kutoboa jino la mtu asigutuke. Gari lake amelifanya kali, akiliambia nusu linasikia nusu. Lako likiambiwa nusu, mkono wako unaongeza robo. Umevaa suti ya mwenzio, mdogo wangu. Suti nzuri, lakini si yako."

"Gari si suti, dada."

"Na wewe si Daktari wa Meno. Leta daftari."

Gari likapewa ukurasa wake. Kuanzia Jumatatu, kila saa kumi jioni, mlinzi wa ghala akawafungulia uwanja, na wazee wawili wakaonekana kwenye lami, mmoja na rimoti, mwingine na futi shingoni na bisibisi imechomekwa kwenye kimto cha pini mkononi. Mama Pindo aliweka sheria moja tu, na Timazi aliichukia: badiliko moja kwa siku, basi. Timazi alikuwa na tabia ya kugusa vitu vitano kwa mpigo, gari likipona hajui limeponywa na nini.

"Ukipunguza kiuno na mabega na urefu siku moja," Mama Pindo alimwuliza, "nguo ikikaa vibaya utamlaumu nani? Piga bandi kwanza, mshono wa muda, jaribisha, kisha ushone."

Jumatatu walishughulikia pua za magurudumu ya mbele. Kwenye karatasi ya Daktari pua hizo zilitazama nje kidogo, ndiyo maana gari lilikuwa na papara ya kukata kona. Waliziingiza ndani nyuzi moja ya pembe. Gari likatulia kwenye njia iliyonyooka, likaacha kutikisa kichwa. Jumanne wakatia mafuta mazito zaidi kwenye shokapu, na gari likawa halishtuki ovyo. Mama Pindo akavimba kichwa. Jumatano akaamua kwamba kama mafuta mazito kidogo yamesaidia, springi ngumu sana itasaidia sana, akafungisha zile za mbele zilizo ngumu kuliko zote kwenye sanduku. Gari likagoma kabisa kukata kona. Lilipaswa kuzunguka, lilikwenda moja kwa moja, kwa heshima zote, hadi kwenye ndoo ya mlinzi aliyekuwa anafua soksi zake. Timazi alitoa kalamu tu, akaandika kwenye daftari: *Imebana.*

Usiku ule Mama Pindo alilala na lile neno, na asubuhi akiwa anampima mteja mmoja mabega akasimama katikati, futi mkononi, mteja ameinua mikono kama ametekwa. Kulia na kushoto. Miaka arobaini na moja anaandika vipimo viwili, na gari la mdogo wake amelishonea kimoja.

Alhamisi akaeleza. Gari linapokata kushoto, uzito wote hulalia upande wa kulia. Basi springi ngumu iwekwe mbele kulia tu, ili gari lisite kidogo linapoitwa kushoto, na ule upande mwingine uachwe laini kama ulivyokuwa. Mkono unapitiliza kushoto. Gari lipunguze kushoto. Mkono una deni huku, gari lilipe huku.

Timazi akamtazama kana kwamba amemwambia avae kiatu kimoja cha kike. "Unataka nilipinde gari?"

"Nataka likukae."

"Dada, pande mbili lazima zilingane. Hata mtoto anajua. Miaka thelathini na mitatu nimekataa kusaini lifti iliyopinda nusu ya hiyo."

"Wewe mwenyewe umepinda, na nimekusaini."

Timazi alicheka? Hapana, bado. Lakini alifunga springi. Na Ijumaa Mama Pindo akaleta kazi yake ya mwisho, kifuniko cha sponji na kitambaa cha kofia alichokishona kwa mkono kuuzunguka usukani wa rimoti, ukawa mnene kama kitunguu kikubwa. Usukani ukiwa mnene, vidole husafiri mbali zaidi kwa kona ile ile, na tetemeko dogo halifiki kwenye gari. Jioni ile Timazi alizunguka uwanja mara ishirini. Mara ishirini, bila kugusa bomba hata moja. Mama Pindo alihesabu kwa sauti, na alipofika kumi na saba alikuwa anahesabu huku analia, akajisingizia vumbi.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini umesahau Timazi ni nani.

Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya raundi ya kwanza, kila gari lilipandishwa juu ya bao la kioo la Daktari wa Meno, likafungwa vipimo vya pembe, namba zikasomwa kwa sauti mbele ya wote. Haikuwa sheria ya mashindano, ilikuwa ni fahari ya mafundi tu. Gari lililonyooka lilipigiwa mluzi wa sifa. Lililopinda lilipewa pole, na pole ile iliuma kuliko tusi. Timazi alikuwa ameiwaza pole hiyo usiku kucha. Jumamosi kulipopambazuka, dada yake akiwa bado anakunywa chai, alichukua bisibisi akalinyoosha gari. Springi ya kulia akairudisha laini, pua za magurudumu akazirudisha kwenye karatasi ya Daktari. Kifuniko cha usukani akakiacha, kwa kuwa hakionekani juu ya kioo.

Juu ya kioo gari lilipendeza. Daktari akasoma namba, watu wakapiga mluzi, Timazi akainua kidevu. Mama Pindo alikuwa nje ya uwanja anamwambia mama mmoja kuhusu pindo lake, hakusikia kitu.

Raundi ikaanza, na kwenye mzunguko wa tatu gari la chungwa likapiga bomba la kona ya kushoto. Mwenyekiti, ambaye sasa alikaa nyuma ya meza na miguu ameipandisha kwenye kreti, akaandika kijistari. Kwenye mzunguko wa tisa likapiga tena. Cha pili. Kati ya magari manane Timazi akamaliza wa mwisho, na saa ilikuwa nne na nusu.

Mama Pindo alilinyanyua gari kwenye lami kabla mwenyewe hajashuka jukwaani. Hakuhitaji kioo. Alilishika kwa mikono miwili, akaliinamisha kulia, akaliinamisha kushoto, kama anavyoshika koti mabegani, na akajua.

"Springi iko wapi?"

Timazi alitazama chini. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati akaitoa, inacheza kiganjani mwake kwa tetemeko.

Hapo Mama Pindo alikuwa na maneno mengi, baadhi yake hayaandikiki. Aliyapanga yote mdomoni. Lakini alipoona kile kiganja, na ile springi ikiruka ruka juu yake, aliyameza.

"Kwa nini?" aliuliza tu.

"Niliona aibu," alisema Timazi. "Wangesema fundi mzima hawezi hata kusawazisha kigari. Nilitaka walione limenyooka." Akaifumbata springi. "Mkono umeshaharibika, dada. Nilitaka angalau gari liwe zima."

Mama Pindo akakaa kwenye tairi la lori lililokuwa limelala pale, akamvuta mdogo wake akae naye.

"Kuna bwana mmoja mteja wangu," alisema, "bega moja liko chini ya jingine inchi nzima, ajali ya zamani. Anashonesha kwangu makoti. Ukiliona koti lake limetundikwa utasema fundi alikuwa amelewa. Akilivaa, wanawake wanageuka barabarani. Sasa niambie, koti lile ni bovu?"

Timazi alimpa springi.

Walikuwa na saa moja na nusu. Daftari likafunguliwa kwenye ukurasa wa gari, na Timazi mwenyewe akashika bisibisi, dada akishika skrubu zisidondoke. Springi ngumu, mbele kulia. Pua ndani, nyuzi moja. Daktari wa Meno alipita na kikombe chake, akaona, akasimama.

"Mzee, hapo kulia umekosea," alisema kwa upole. "Pande hazilingani. Nikuletee kioo?"

Uso wa Timazi ulipata joto. Mama Pindo alimwona, akabana midomo asimsemee. Kwa mara moja tu maishani mwake alibana midomo.

"Hapana, Daktari," alisema Timazi. "Limepindwa makusudi."

Saa sita ikafika. Dakika tano za mbio, magari manane, na Timazi hana akiba: bomba moja tu likiguswa, anakabidhi rimoti na kupewa bendera. Mama Pindo alisimama chini ya jukwaa, mahali pa kuona vidole vya mdogo wake badala ya gari. Gari lingemtoa roho.

Mizunguko ya kwanza ilikwenda. Kila kona ya kushoto vidole viliruka, vikapitiliza, kama kawaida yao, na kila mara gari lilisita kidogo, likajifikiria, likakata pale pale panapotakiwa. Ni kama mtu anayejua mwenzie ana kigugumizi akamsubiri amalize. Kwenye dakika ya tatu gari moja la kijani lilipinduka mbele yake katikati ya kona. Timazi akafunga breki, akapita upande wa ndani, baina ya gari na bomba pakiwa na nafasi ya vidole viwili. Mwenyekiti aliinua kalamu, akatazama, akaishusha. Kisha Daktari wa Meno akaja kwa nyuma kumzunguka mara ya pili, kwa kasi yake ile ya bingwa, na Timazi angeweza kutaharuki. Alimpisha. Mwenda pole hajikwai, na Mama Pindo aliwahi kumwambia hivyo mara elfu bila kusikilizwa.

Kengele ya mwisho ikalia. Timazi alikuwa wa tano.

Mwenyekiti akaisogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu. "Gari la chungwa," alisema. "Raundi ya pili. Kugusa uzio, hakuna." Akashusha miguu yake kutoka kwenye kreti, mmoja mmoja, akaiweka chini.

Watu wa tano hawapigiwi makofi katika klabu yoyote duniani. Siku hiyo alipigiwa, na Daktari wa Meno, ambaye ndiye aliyeshinda, alipiga kuliko wote. Kisha akashuka akamwendea Timazi.

"Mzee, nisamehe kwa yale maneno ya asubuhi. Hilo gari limenichanganya. Niachie nizunguke mara moja."

Timazi akamkabidhi rimoti yenye kitunguu chake. Bingwa akapanda jukwaani, akabonyeza, gari likatoka mbio, na kwenye kona ya kwanza ya kushoto akalikata kwa mkono wake ule mtulivu, usiogutusha jino. Gari likasita, likisubiri robo yake ambayo haikuja, likaenda moja kwa moja kwenye mabomba, kishindo.

Mwenyekiti akachukua kalamu. "Daktari wa Meno," alisema akiandika, "kijistari kimoja."

Hapo ndipo Timazi alipocheka. Alicheka akashika nguzo ya jukwaa, nguzo haikutosha, akakaa chini kwenye lami, machozi yanamtoka, na kila akijaribu kusema neno anaangalia gari lililolala chali, anaanza upya. Daktari naye akacheka, mwenyekiti akacheka. Mama Pindo alimtazama tu mdogo wake. Alikuwa hajasikia sauti hiyo kwa miaka miwili, na furaha ilimjaa hadi ikamwuma kifuani.

Kabla ya kutawanyika, kila dereva hujiandikisha mwenyewe kwa Jumamosi inayofuata, kwenye karatasi iliyobanwa juu ya ubao. Safu moja ni ya dereva, safu ya pili ni ya fundi wake. Wengi huandika jina lao kote kuwili. Timazi alishika kalamu, akainama, akaandika la kwake. Akahamia safu ya pili, akakaa hapo kwa muda mrefu, herufi zikipanda na kushuka, zikivuka mstari wa juu na wa chini.

Mama Pindo akachungulia begani kwake. Ilikuwa imeandikwa: *Dada yangu.*

Akatafuta kosa, ndivyo alivyoumbwa. "Mwandiko gani huu," alisema, "unapanda mlima?"

"Ndio mkono wangu, dada," alisema Timazi, akampa Daktari kalamu kwa mkono uleule, mbele ya watu wote.